Sabuni ilirudi, treni ikachechemea: soko huria lilivyopita kwetu Zuzu



Kuna neno linarushwa sana kwenye mijadala: uliberali mamboleo. Wengine wanalitamka kama tusi, wengine wanakwepa kulitaja wanasema tu soko huria. Ukiuliza maana yake unajibiwa "ubepari tu huo", mjadala umeisha, watu wanarudi kwenye mpira. Sasa mie nimemaliza form four, uchumi wa chuo kikuu sijausoma, lakini jambo hili limepita kwenye sahani ya bibi yangu na kwenye reli inayokatiza hapa kijijini. Nimesoma, nimewauliza wazee, na leo naomba nilieleze kwa lugha yetu: lilitoka wapi, linasema nini, na lilitufanyia nini. Ni refu kidogo, vumilia.

Kwa wasiojua Zuzu: toka Dodoma mjini, elekea magharibi. Reli ya kati inapita hapa kwenda Bahi, Manyoni, Tabora mpaka Kigoma. Shika hilo la reli, tutarudi kwake.

LILIKOTOKA

Mwaka 1947, vita ya pili ya dunia imeisha, kikundi cha wasomi kilikutana Mont Pelerin, Uswisi. Aliyewaita ni Friedrich Hayek, mchumi mzaliwa wa Austria. Miongoni mwao alikuwepo kijana Mmarekani, Milton Friedman. Wakati ule serikali nyingi za Ulaya zilikuwa zinataifisha migodi na reli na kupanga uchumi zenyewe. Hawa wakasema hiyo ni njia ya hatari. Hoja ya Hayek ilikuwa hivi: hakuna ofisi inayoweza kujua kila mtu nchini anahitaji nini leo. Bei ndiyo inayojua. Mahindi yakipungua bei inapanda, mkulima wa mbali anaona faida anapeleka mahindi, bila mtu wa serikali kutoa amri. Kwa hiyo kazi ya serikali ni kulinda mali za watu, mikataba na amani, halafu ikae pembeni.

Tuwe wakweli, hoja hiyo si ya kijinga. Mtu yeyote aliyekaa sokoni Majengo anaielewa.

Kwa miaka zaidi ya 20 hawakusikilizwa sana. Mlango ulifunguka Chile. Septemba 1973 jeshi chini ya Pinochet liliipindua serikali ya Allende, na wachumi wa Chile waliosomea Chicago, alikofundisha Friedman, wakapewa uchumi waunyooshe. Yaani soko huria lilianza kujaribiwa chini ya bunduki. Mwaka 1979 Margaret Thatcher akashinda Uingereza, mwaka 1980 Ronald Reagan akashinda Marekani. Hapo wazo likawa sera ya wakubwa, na wakubwa hao ndio wenye kura nyingi Benki ya Dunia na IMF.

Mwaka 1989 mchumi John Williamson aliorodhesha mambo 10 ambayo Washington ilikuwa inazitaka nchi zenye madeni ziyafanye. Ukiyafupisha kwa lugha ya kijiweni ni haya: serikali ipunguze matumizi na ruzuku, fedha ya nchi iuzwe kwa bei ya soko, milango ya biashara ya nje ifunguliwe, mashirika ya umma yauzwe, sheria zinazombana mfanyabiashara zilegezwe.

KWANINI TULIKUBALI

Hapa wengi wanadanganyana. Upande mmoja unasema tulikuwa tunaishi vizuri na Azimio la Arusha mpaka wazungu walipokuja kutuharibia. Upande wa pili unasema ujamaa ulituua, IMF wakatuokoa. Tutazame miaka.

Azimio lilipitishwa mwaka 1967, mabenki na viwanda vikubwa vikataifishwa. Halafu yakafuatana mapigo: bei ya mafuta ikaruka mwaka 1973 na tena mwaka 1979, ukame, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ikaanza mwaka 1978. Dola zikaisha. Bila dola hakuna vipuri, bila vipuri kiwanda kinasimama, bila kiwanda hakuna sabuni. Juu ya hayo, mashirika mengi ya umma yaliendeshwa vibaya, na hilo halikuletwa na mzungu.

Bibi yangu husimulia foleni za sukari na unga wa yanga, ule mahindi ya njano ya msaada. Anasimulia watu kufua nguo kwa majani ya mpapai. Khanga ikifika duka la RTC mjini habari inakimbia kuliko basi. Mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi, watu wengine wakatupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukamatwa. Duka likabaki tupu vilevile.

Mwalimu Nyerere aliwagomea IMF. Akizungumza na mabalozi Januari mosi mwaka 1980, alihoji tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Lakini njaa ya dola haikungoja hotuba. Mwaka 1984 serikali yenyewe ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi. Novemba 1985 Mwalimu akang'atuka, akaingia Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Mwaka 1986 tukasaini na IMF. Dola iliyokuwa shilingi 17 mwanzoni mwa mwaka ule ikapandishwa hadi 40, na mwaka 2000 ilikuwa inakaribia 800.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: tulikuwa na ugonjwa wa kweli, lakini dawa ilitoka kwenye duka moja lenye dawa ya aina moja. Ndiyo maana mikopo ikaja na masharti yale yale waliyopewa Ghana na Zambia.

SABUNI ILIRUDI

Tuanze na kilichofanikiwa, maana kukikana ni uongo. Milango ilipofunguliwa bidhaa zikarudi. Sabuni, betri, baiskeli, mitumba, mafuta ya kula. Muuza duka wa kijijini akaanza kuchagua anunue kwa nani. Bei zilikuwa juu na mishahara chini, lakini kitu kipo.

Bia ni hivyohivyo. Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya hisa za TBL kwa kampuni ya bia ya Afrika Kusini, na bia ya mgawo ikabaki hadithi. Simu ndiyo mfano mkubwa zaidi. Zamani kupata simu ya mezani kulikuwa kusubiri miaka. Mobitel ikaanza mwaka 1994 kwa gharama za matajiri tu. Walipoingia wengine, Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, wakaanza kunyang'anyana wateja, laini zikashuka bei mpaka mchunga mbuzi wa Chigongwe akawa na namba yake.

RELI IKACHECHEMEA

Sasa tukae relini. Reli ya kati ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tukaunda Shirika la Reli, TRC. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 lilikuwa limechoka, vichwa vya treni vichakavu, lakini bado lilibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo kwa mwaka.

Resipe ilikuwa ileile: tafuta mwekezaji. Oktoba 2007 reli ikakodishwa kwa miaka 25 kwa kampuni ya RITES ya India. Ikaundwa kampuni mpya, TRL: RITES 51%, serikali 49%. Njia yenyewe ya reli ikabaki mali ya serikali chini ya kampuni nyingine, RAHCO. Yaani treni kwa huyu, mataruma kwa yule.

Kilichofuata kiko kwenye kumbukumbu za Bunge na magazeti. Vichwa vya treni na mabehewa vikaja kutoka India kwa kukodishwa, na gharama ya kukodi ikabebwa na TRL, ambayo karibu nusu ni yetu. Wafanyakazi wakagoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara, serikali ikaingiza mkono mfukoni. Treni za abiria zikapungua. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yakakata njia kati ya Kilosa na Gulwe. Mwaka 2011 serikali ikazirudisha hisa za RITES mikononi mwake, miaka minne tu kati ya ile 25. Mwaka 2012 mizigo haikufika hata tani laki tatu.

Tani ni namba. Ila reli ni mama anayepanda na beseni la karanga za kuchemsha, ni kuku wa Saranda wanaouzwa dirishani, ni mzee anayekwenda hospitali kwa daraja la tatu kwa sababu nauli ya basi hana. Treni ikipungua, uchumi mzima wa dirishani unakufa na hakuna tume inayouhesabu.

Mtu atasema: hilo ni kosa la kampuni moja. Haya, tazama jirani. Reli ya Kenya na Uganda ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006, nayo kwa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Uingereza kwenyewe, nyumbani kwa Thatcher, waliuza reli miaka ya 1990, na mwaka 2001 Railtrack, kampuni iliyomiliki njia, ikaanguka, njia zikarudi kwenye chombo kisicho cha kugawana faida. Nchi tofauti, wawekezaji tofauti, shida inafanana. Hapo sio bahati mbaya tena.

MLANGO WA PILI

Hii ndiyo hoja yangu, ukisahau yote shika hii. Soko linafanya kazi pale mteja ana mlango wa pili wa kugonga.

Sabuni ya huyu mbaya? Nenda duka la pili. Hapo muuzaji anakuogopa, na woga wake ndio unaoshusha bei. Hayek yuko sahihi.

Lakini reli ni moja. Bomba la maji ni moja. Waya wa umeme ni mmoja. Gharama ya kutunza njia ya reli haipungui sana hata ipite treni moja badala ya kumi, kwa hiyo hakuna mjinga atakayejenga ya pili pembeni ashindane. Ukimkabidhi mtu binafsi kitu cha namna hiyo, umempa mlango pekee na ufunguo. Mteja hana wa kumkimbilia, na mwenye ufunguo anajua.

Mwingine atauliza: malori si yapo? Kweli, mwenye kontena alihamia kwenye lori. Lakini malori yale yanachakaza barabara ambazo zinatengenezwa kwa kodi yako na yangu. Hasara haikupotea, ilihama tu kutoka kitabu cha TRL kuja kwetu.

Ipime hoja hiyo kwenye maji. Agosti 2003 maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa kwa City Water, muungano wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa, kwa mkataba wa miaka 10. Ubinafsishaji huo ulikuwa sharti la kupata mkopo wa kukarabati mfumo wa maji. Misaada ya Uingereza hata iligharamia kampeni ya kuusifia ubinafsishaji, wimbo ukatungwa kabisa. Mei 2005 serikali ikavunja mkataba kwa madai kwamba kampuni imeshindwa kazi. Biwater wakatushitaki kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Mwaka 2008 baraza likasema serikali ilikiuka haki za mwekezaji, lakini halikuamuru alipwe hata senti. Tuliponea hapo. Wakati wote huo mkazi wa Manzese alikuwa ananunua maji kwa dumu.

Hata kwa mkulima hoja ni ileile. Zamani NMC ilinunua nafaka kwa bei ya serikali, mara nyingi ikichelewa kulipa. Soko lilipofunguliwa, mkulima wa karibu na mji kama sisi Zuzu alipata wanunuzi wengi. Wa ndani kabisa, anayefikiwa na lori moja kwa wiki, akabaki na mnunuzi mmoja na lumbesa yake. Karatasini wote wako kwenye soko huria. Wakulima wa zabibu wa Dodoma nao wanakumbuka: kampuni ya mvinyo ya serikali, DOWICO, ilipokufa, zabibu haikungoja mwekezaji mpya. Inaiva leo, kesho inaoza.

KUCHANGIA GHARAMA

Kuna kipande kingine ambacho vijana hatukijui kwa sababu tulikikuta kimepita. Serikali kupunguza matumizi maana yake nini? Maana yake mgonjwa alipe. Mwaka 1993 kuchangia gharama kukaanza kwenye hospitali za serikali. Shule za msingi nazo zilikuwa na ada na michango, na miaka ya 1990 uandikishaji wa watoto ukashuka, baada ya nchi kuwa imekaribia kuwapeleka shule watoto wote. Wakati huohuo maelfu ya watumishi wa umma walipunguzwa kazi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Ada ya sekondari mpaka form four ikaondolewa mwaka 2016.

Fikiria mtoto wa kike wa Ugogo aliyekuwa na miaka saba mwaka 1995, nyumbani kuna ada ya mtoto mmoja tu. Mara nyingi anayepelekwa ni kaka. Huyo dada leo ana miaka zaidi ya 35, na hakuna takwimu ya pato la taifa itakayomrudishia darasa la kwanza.

Wanaotetea sera zile wanasema uchumi ulianza kukua vizuri kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na mfumuko wa bei ulishuka. Ni kweli. Lakini kukua na kugawana ni mambo mawili. Na angalia shule zilijaa lini: zilijaa serikali ilipoondoa ada, baada ya madeni kusamehewa mwaka 2001. Soko halikujaza madarasa.

LEO JE?

Tusijidanganye kwamba hii ni historia. Reli mpya ya SGR imejengwa kwa fedha na mikopo ya serikali, na treni ya umeme ikaanza kubeba abiria Dar es Salaam mpaka Dodoma Julai 2024. Haikujengwa na soko. Wakati huohuo, Oktoba 2023, hapahapa Dodoma, Ikulu ya Chamwino, ilisainiwa mikataba ya DP World ya Dubai kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30, na utendaji kupimwa kila baada ya miaka mitano. Nchi ilitetemeka kwa mabishano, wengine wakiita ni kuuza nchi, wengine wakiita ni ukombozi.

Mie sitaki kukuambia uunge mkono au upinge. Nataka uwe na maswali badala ya kelele. Mkataba wowote ukija, wa bandari, wa maji, wa treni, uliza haya:

1. Mteja ana mlango wa pili? Kama hana, nani anapanga bei na nani anaweza kumkatalia?

2. Mwekezaji analeta fedha yake, au anakodi na kukopa kwa jina letu?

3. Akishindwa, nani anabeba hasara? Kama ni sisi, basi faida tulitakiwa kugawana vizuri zaidi.

4. Mkataba unasomeka? Cha siri hakiwezi kupimwa kila miaka mitano na mwananchi.

5. Na hili kwa wapenda mashirika ya umma: shirika la serikali likiwa mlango pekee, nani analiogopesha? TRC ilichoka ikiwa mikononi mwa serikali, na duka la RTC lilikuwa tupu likiwa la umma. Mali ya umma bila hesabu za wazi ni mlango mmoja vilevile, tofauti ni rangi tu.

Miaka 30 kuanzia 2023 ni 2053. Viongozi wengi waliosaini watakuwa wamestaafu zamani. Mie na wewe unayesoma hapa tutakuwa watu wazima wenye watoto wanaotafuta kazi, na mkataba ule ndio utakuwa unaisha. Kwa hiyo hii sio mada ya wazee. Ni yetu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Naomba kuwasilisha. Kama mzee wako alifanya kazi reli, RTC au NMC, muulize, halafu tuandikie hapo chini alichokuambia. Wanaotetea soko huria pia karibuni, ila mje na mfano wa reli moja iliyobinafsishwa Afrika Mashariki ikapona. Matusi kaa nayo, hoja leta.